Stilihedi wa Kituoni na Stilihedi wa Asili: Yupi wa Kitoweo, Yupi wa Kurudishwa Mtoni

Mtu anayekwenda kuvua stilihedi katika mito ya Washington, Oregon au Idaho hudhani kwamba swali la kubaki na samaki au kumrudisha majini litamjia pale samaki atakapokuwa tayari wavuni. Kwa kweli, kufikia wakati huo sehemu kubwa ya jibu imekwisha kutolewa: imetolewa na mto aliouchagua, na mwezi aliokwenda, na pezi moja dogo lililoko mgongoni mwa samaki. Ulinganisho huu unawalenga wasomaji walioko Seattle, Portland na miji mingine ya upande huo wa Marekani, ambao wamezoea kuvua ili wale na sasa wanakutana na mito ambayo sehemu kubwa ya samaki wake hawaruhusiwi hata kutolewa majini.

Stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua, spishi ileile ya Oncorhynchus mykiss iliyopelekwa wakati wa ukoloni katika vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, isipokuwa kwamba huyu huzaliwa mtoni, hushuka baharini angali mdogo, hukaa huko mwaka mmoja hadi mitatu akila na kunenepa, kisha hurudi kutaga katika mto aliozaliwa. Samoni wengi wa Pasifiki hufa baada ya kutaga. Stilihedi si lazima afe: baadhi yao hunusurika, hushuka tena baharini na kupanda mto mwaka mwingine, na wengi wa wanaorudi kwa mara ya pili ni majike. Kwa hiyo jike aliyerudishwa majini salama mwezi wa Machi hakuokolewa kwa ajili ya mayai ya msimu huo peke yake.

Pezi linaloamua

Katika majimbo hayo matatu, vifaranga wanaokuzwa vituoni, yaani mahali mayai hutotolewa na samaki wadogo hulelewa na watu, kwa ajili ya wavuvi, hukatwa pezi la mafuta kabla ya kuachiwa mtoni. Pezi hilo liko mgongoni, kati ya pezi kubwa la mgongo na mkia. Halina miiba, ni kipande laini cha nyama kilichoinamia nyuma. Samaki aliye nalo huhesabiwa kuwa wa asili na hurudishwa. Asiye nalo, ambaye mahali pake pana kovu lililokwisha kupona, ni wa kituoni, na mvuvi anaweza kubaki naye ikiwa sehemu hiyo ya mto imefunguliwa kwa ajili hiyo.

Namna ya kulitazama ina adabu yake. Samaki hubaki ndani ya wavu, na wavu hubaki ndani ya maji. Mlaze ubavu, kisha pitisha kidole taratibu kuanzia pezi kubwa kuelekea mkia. Kwa samaki wa asili, kidole kitagusa kijipezi kinacholala na kuinuka tena. Kwa wa kituoni, kitapita juu ya ngozi tambarare au juu ya kinundu kidogo kigumu. Katika alasiri ya Desemba, mvua ikinyesha na mwanga ukiwa hafifu, kidole huaminika kuliko jicho. Wapo vifaranga wanaotoka kituoni bila kukatwa pezi, au waliokatwa nusu tu, na kanuni nzuri kwa hao ni moja: penye shaka, samaki arudi. Sheria haimuulizi mvuvi samaki alizaliwa wapi, humuuliza pezi lipo au halipo.

Jambo linalowakwaza wageni ni kwamba trauti mkubwa na stilihedi ni spishi moja, na hivyo mipaka huwekwa kwa urefu. Katika mito ya Washington inayofika baharini, trauti wa upinde wa mvua aliyezidi inchi 20, yaani sentimita 51 hivi, ni stilihedi mbele ya sheria, na akibaki nawe ni lazima aandikwe mara moja kwenye kadi ya kumbukumbu ya samaki, kabla ya ndoano kurudi majini. Kadi hiyo humhusu hata mtoto ambaye umri wake haujafikia kuhitaji leseni.

Thamani ya kila mmoja kwa mto

Hapa ndipo wengi wenye nia njema hupotea. Husikia kwamba kumrudisha samaki ni ustaarabu, nao wakamrudisha kila samaki, akiwemo wa kituoni. Lakini samaki wa kituoni alikuzwa ili avuliwe. Akiachiwa apite, huenda akafika kwenye changarawe za kutagia na kuchanganyika na wale wa asili, na uchanganyikaji huo si neema. Utafiti wa mto Hood huko Oregon, uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science, ulionyesha kwamba uwezo wa stilihedi kuacha uzao mtoni hupungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kinachokuzwa vituoni. Samaki anayechaguliwa na maisha ya birika, chakula cha kumwagiwa na ulinzi dhidi ya ndege huwa hodari wa birika. Kwa sababu hiyo, katika mito inayomwagika sehemu ya juu ya mto Columbia, kama Methow, misimu inapofunguliwa, mvuvi amekuwa akitakiwa kubaki na kila stilihedi asiye na pezi mpaka atimize idadi inayoruhusiwa kwa siku: kumrudisha huyo ndiyo kuvunja sheria.

Samaki wa asili ana hesabu nyingine kabisa. Stilihedi wa ghuba ya Puget Sound huko Washington wameorodheshwa kuwa hatarini chini ya sheria ya taifa ya viumbe walio hatarini tangu 2007, na wale wa bonde la mto Snake tangu 1997. Mabwawa ya umeme, makazi yaliyoharibiwa na bahari iliyobadilika vimewapunguza kwa pamoja. Jike mmoja hubeba mayai elfu kadhaa, lakini katika mto uliobakiwa na samaki wachache thamani yake haiko katika wingi wa mayai tu. Iko pia katika urithi wa mto wenyewe: wakati wa kupanda, kasi ya maji anayoweza kuimudu, kijito anachokijua. Urithi huo ukipotea, hakuna kituo kinachoweza kuurudisha.

Kwa mizani hiyo, kubaki na wa kituoni na kumrudisha wa asili ni kazi moja inayofanywa kwa mikono miwili, na si ulaji upande huu na huruma upande ule.

Sheria hubadilika ukivuka mpaka

Washington, ambayo ilimfanya stilihedi kuwa samaki wa jimbo mwaka 1969, ilipiga marufuku kubaki na stilihedi wa asili katika mito yake yote mwaka 2016. Kabla ya hapo mito michache ya rasi ya Olympic iliruhusu kila mvuvi samaki mmoja kwa mwaka. British Columbia, jimbo jirani la Kanada, nayo huamuru wa asili warudishwe. Idaho huruhusu wasio na pezi pekee, na katika mito yake ya stilihedi hudai ndoano isiyo na kijino cha nyuma. Oregon hufuata njia hiyohiyo karibu kote, isipokuwa mito kadhaa ya pembe ya kusini-magharibi ambako stilihedi wachache wa asili wa majira ya baridi wameendelea kuruhusiwa kwa masharti makali.

Msomaji asishangae akiona nyavu za watu wa makabila ya asili katika mto ambao yeye ameamriwa kurudisha samaki. Mikataba yao na serikali ya Marekani ya 1854 na 1855 iliwahifadhia haki ya kuvua mahali pao pa siku zote, na hukumu ya jaji George Boldt ya mwaka 1974 ilithibitisha kwamba haki hiyo ni nusu ya samaki wanaoweza kuvunwa. Ni haki ya mkataba, si upendeleo, na malalamiko yanayosikika juu yake katika maduka ya chambo hayana msingi wa kisheria.

Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ni ulimwengu mwingine. Stilihedi wa huko si wenyeji: trauti kutoka California walipandwa katika mto Au Sable wa Michigan mwaka 1876, wakaenea, na leo wengi huzaliwa mitoni bila kupitia kituo chochote. Pezi kule si hakimu. Mvuvi wa Michigan au Ohio anaweza kisheria kubaki na samaki mwenye pezi zima, kwa kufuata urefu na idadi vilivyowekwa, na uamuzi wake unazunguka zaidi ushauri wa afya kuhusu zebaki na kemikali za PCB zinazojikusanya katika mafuta ya samaki wa maziwa hayo. Ushauri huo husomwa kabla ya safari. Humo ndimo huelezwa mtu mzima ale milo mingapi, na mjamzito au mtoto mingapi.

Mto wa kitoweo na mto wa kuachia

Tuchukue mito miwili jirani karibu na mji wa Forks, magharibi mwa Washington, kwa sababu inaonyesha vizuri kwamba uamuzi hufanywa nyumbani, kalenda ikiwa mezani.

Mto Bogachiel una kituo kinachoachia vifaranga wa stilihedi wa majira ya baridi, na samaki wake wazima hurudi mapema, hasa Desemba na Januari. Anayetaka kitoweo aende wakati huo na sehemu hiyo, karibu na kituo, ambako samaki hukusanyika. Atakuta watu wengi ukingoni, boya zikielea kwa mstari mmoja, na mazungumzo ya kupokezana nafasi. Si mahali pa upweke. Zana zake ni za kawaida: fimbo ya futi tisa hivi, boya, chubwi ndogo, na chambo chepesi cha manyoya au shanga kinachoelea karibu na mchanga. Samaki akiwa hana pezi, safari imefanikiwa, na mtu anarudi nyumbani kabla ya giza.

Mto Hoh ni mwingine. Maji yake hutoka kwenye barafu za mlima Olympus, rangi yake ya kijivu-buluu huonyesha udongo uliosagwa na barafu hizo, na samaki wake wa asili huongezeka kuanzia Februari hadi Aprili. Ni wakubwa zaidi kwa wastani, wana nguvu za kutisha, na hakuna hata mmoja atakayekwenda nyumbani na mvuvi. Anayeuchagua mto huu mwezi wa Machi amekwisha kuchagua kuachia, na afadhali azichague zana zake kwa nia hiyo: ndoano moja badala ya tatu zilizounganishwa, isiyo na kijino, mshipi wenye nguvu ya kumleta samaki upesi, wavu wa mpira usiokwangua ute. Tangu Desemba 2020 idara ya samaki ya jimbo imekuwa ikiweka masharti makali katika mito ya pwani ya Washington, yakiwemo kuzuia kuvua ukiwa ndani ya mashua na kuzuia chambo halisi, na mwaka 2022 ilifunga uvuvi huo mapema, mwezi wa Machi, kwa sababu samaki walikuwa wachache mno. Masharti hutangazwa kwa msimu na hubadilika katikati yake. Anayetegemea kijitabu cha mwaka jana atajikuta mahakamani.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuuchanganya mto mmoja na zana za mwingine: mtu aliyetoka kwa ajili ya kitoweo, akiwa na ndoano yenye vijino na mayai ya samoni kwa chambo, akavua sehemu ya juu ya mto wakati ambapo wa asili wamejaa. Mayai humezwa mpaka kooni. Anarudisha samaki mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akivuja damu, huku akimsubiri yule asiye na pezi ambaye huenda asije. Huyo hakuchagua kati ya njia mbili. Amezilipia gharama zote mbili.

Samaki akiwa mkononi

Kurudisha si bure. Tafiti nyingi za stilihedi walioachiwa katika maji baridi zimepata vifo vilivyo chini ya asilimia 10, na hesabu hiyo inafariji mpaka mtu aifikirie kwa wingi wa samaki: anayejisifu kwamba ameachia wengi katika wiki moja pengine ameua kama yule aliyebaki na mmoja. Kinachoongeza vifo kinajulikana, nacho ni ndoano iliyoingia kwenye matamvua au kooni, kumchosha samaki kupita kiasi, maji yenye joto, na hewa.

Hewa ndiyo iliyo chini ya uwezo wa mvuvi kabisa. Sheria ya Washington hukataza kumtoa majini stilihedi asiyeruhusiwa kubaki naye, hata kwa picha. Picha nzuri hupigwa samaki akiwa nusu ndani ya maji, mkono mmoja umeshika shina la mkia na mwingine chini ya kifua, bila kubana tumbo wala kugusa matamvua. Ndoano hutolewa kwa koleo. Ikiwa imeingia ndani sana, mshipi hukatwa karibu nayo na ndoano huachwa. Kisha samaki huelekezwa kichwa kuukabili mkondo mpole, si maji yanayotibuka kwa kasi wala maji yaliyotuama, mpaka matamvua yafunguke na kufunga kwa utaratibu na mkia uanze kusukuma wenyewe. Asukumwe? Hapana. Ataondoka mwenyewe akiwa tayari.

Kwa anayebaki naye, adabu ni nyingine na haraka yake ni nyingine. Samaki hupigwa kichwani mara moja kwa rungu fupi, juu kidogo ya macho, mpaka atulie kabisa. Hakuna sababu ya kumwacha atapetape kwenye mawe. Papo hapo hukatwa matamvua na kuning'inizwa majini mpaka damu iishe, kwa kuwa damu iliyobaki katika nyama ndiyo inayoipa ladha nzito na kuiharakisha kuoza. Kadi huandikwa, matumbo hutolewa, samaki huingia kwenye barafu. Mvuvi asiyebeba barafu wala rungu hajajiandaa kubaki na samaki, hata kama leseni inamruhusu.

Jikoni

Si kila asiye na pezi anastahili sufuria. Aliyetoka baharini karibuni humeta kama sarafu mpya, magamba yake hulegea na kubaki kiganjani, na wakati mwingine bado ana chawa wa bahari karibu na mkia. Nyama yake ni ya rangi ya chungwa na ina mafuta. Kadiri anavyokaa mtoni bila kula kwa maana, anageuka: mstari mwekundu hujitokeza ubavuni, tumbo huwa kijivu, mafuta huliwa na safari na mayai. Nyama ya samaki aliyekwisha kutaga huwa nyeupe, ya majimaji, haifai hata kwa mchuzi wa pilipili nyingi.

Kuna tofauti pia kati ya wa kiangazi na wa majira ya baridi. Wa kiangazi huingia mtoni kati ya Mei na Oktoba akiwa bado hajakomaa, na atataga mwaka unaofuata, hivyo anakuja na akiba kubwa ya mafuta; kwa ladha, mimi humpa yeye ushindi. Lakini ndiye mwenye mtego wa joto: maji yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi, samaki aliyechoshwa hupata taabu kupona, na Oregon imewahi kufunga uvuvi wa alasiri katika mito yenye joto kwa sababu hiyo. Katika siku za namna hiyo, anayevua wa kiangazi avue alfajiri, na akishabaki na samaki wake wa siku aache, maana kila wa asili atakayemnasa baadaye huenda asiishi.

Nyama ya stilihedi mbichi inachukuana vizuri na tui la nazi kuliko wengi wanavyotarajia. Vipande vichomwe kwanza juu ya mkaa kwa upande wa ngozi, kisha vipakwe tui zito lenye ndimu, bizari na kitunguu saumu, kama apikwavyo samaki wa kupaka. Aliyegeuka rangi kidogo, lakini angali na nyama ngumu, anafaa zaidi kwa moshi na chumvi.

Pale hiari inapobaki

Baada ya sheria na pezi, zinabaki hali chache za kuchagua kweli. Asiye na pezi aliyegeuka rangi ni mojawapo. Jikoni hana faida kubwa, lakini mtoni ni mgeni anayekwenda kutaga. Mimi ningebaki naye na kumwekea moshi, na ninaelewa anayemwacha kwa kuona haya kuua asichokitamani. Wa asili katika mito ile michache ya Oregon ni hali nyingine, na hapo nasema bila kusita: arudi, hata kama kijitabu kinaruhusu, maadamu mto wa jirani una wa kituoni. Wa asili anayevuja damu mahali palipokatazwa si suala la hiari. Anarudi majini hata kama atakufa, kwa sababu ruhusa ya kubaki na "anayekufa" ingezaa maelfu ya wanaokufa kila wikendi.

Familia yenye watoto, au mtu anayeanza, achague mto wa kituo na mwezi wa samaki wa kituo: mtoto ataona kazi nzima, kuanzia boya kuzama hadi sahani. Aliyekwisha kujaza friji, na anayetaka nguvu za samaki mkubwa katika mto wenye ukimya, aende kwa wa asili akiwa na ndoano moja na moyo wa kuondoka baada ya samaki wawili watatu. Na ambaye haja yake ni kitoweo tu, bila hamu ya kusimama kwenye maji ya nyuzi tano mvua ikimpiga, ana njia ya tatu iliyo halali na nafuu kwa mto: stilihedi wa kufugwa hukuzwa katika vizimba vya ziwa Rufus Woods kwenye mto Columbia na huuzwa madukani, na katika misimu ya uvuvi wao, wavuvi wa makabila huuza samaki wao moja kwa moja kwa umma pale Cascade Locks, mji mdogo wa Oregon kando ya mto huohuo, kutoka kwenye masanduku ya barafu, fedha taslimu mkononi.